Mvua Marufuku Kitopeni

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Msidhani naogopa. Jina lenyewe limehifadhiwa. Wizara ya Uhifadhi iliona wananchi wanalitajataja ovyo, sokoni, misibani, hata kwenye matusi, ikahofu litachakaa. Basi ikalifungia kabatini, na tangu siku hiyo raia wake husema tu "hapa kwetu" huku wakionyesha kidole chini.

Hapo kwao, katika kitongoji kiitwacho Kitopeni, aliishi mjane mmoja jina lake Bi Siwema. Mdomo wake ulikuwa mpole kabisa. Maneno yake yote yalikuwa mikononi.

Na Kitopeni ndivyo kulivyokuwa. Wanawake wa pale hawakugombana kwa mdomo. Hiyo walisema ni kazi ya majogoo na wabunge. Mtu akikuudhi unameza mate, unakwenda kijitoni kuchimba udongo, mwekundu, mweupe na ule wa manjano, unausaga, unautia maji na utomvu kidogo ushike, kisha unamchora mbaya wako kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yako, kila apitaye aone. Naye akitaka kujibu, ana ukuta wake. Mtaa mzima unapita ukicheka, watu wanachukua pande, wazee wanapata la kuongea. Masika yakifika, mvua inaosha kuta zote na neno linakuwa limekwisha. Atakayelifufua anawapikia mtaa mzima uji. Na wale wawili waliochorana ndio wanaokwenda pamoja, bega kwa bega, kuchimba udongo wa mwaka mpya. "Ugomvi mwisho wake masika," ndivyo walivyosema Kitopeni, na hapakuwa na mahakama.

Mbaya wa Bi Siwema wa miaka yote alikuwa Bi Mwanakombo, jirani wa uwanja mmoja, milango inatazamana. Walikuwa mashoga tangu enzi za meno ya utoto, na hawakuwahi kupitisha mwaka bila kuchorana. Mwaka huu chanzo kilikuwa harusi. Bi Siwema alimwoza mpwa wake, akapika pilau ya kumwaga. Bi Mwanakombo akaonja, akalamba midomo, akasema mbele za watu, "Pilau tamu, shoga. Ila nyama yake ingekuja na ramani."

Watu wakacheka hadi maji ya kunywa yakawapalia. Bi Siwema naye akatabasamu, akaongeza watu chai, akaanza kusaga udongo kichwani palepale.

Alichora kuku. Si kuku wa kawaida: tetea mkubwa kama mlango, kifua mbele, amevaa miwani ya jua kama ile aliyoinunua Bi Mwanakombo mjini, ambayo aliivaa hata jikoni. Shingo ya tetea ilivuka ua, mdomo wake ukazama kwenye chungu cha watu. Bi Siwema alianza kuchora na hasira zake zote. Alipofika shingoni zilikuwa zimebaki nusu. Alipofika kwenye mkia, ambao aliunenepesha makusudi, hasira hakuziona tena. Alikuwa anacheka peke yake, machozi yanamtoka, udongo hadi nyusini, na moyoni ana furaha ambayo hajawahi kuipata kwa kitu kingine chochote duniani, ukiondoa siku chache za marehemu mumewe.

Bi Mwanakombo hakuchelewa. Kwenye ukuta wake akatokea kobe aliyebeba sufuria mgongoni, sufuria ina kufuli, na ufunguo kobe ameumeza. Bi Siwema alipouona alishika nguzo ya ua asianguke. Akanong'ona, "Ah, mwanamke huyu ana mkono!" Mwaka ulikuwa unakwenda vizuri.

Kisha gari la Waziri likapata pancha.

Mheshimiwa Profesa Daktari Tandabui, Waziri wa Uhifadhi, alikuwa safarini kwenda kuhifadhi daraja. Alishahifadhi mengi, na njia yake ilikuwa moja tu: daraja likihifadhiwa, watu hukatazwa kulipita. Alikuwa mtu mfupi, mwenye tai ya kipepeo na miwani mizito, na nywele alizozipasua katikati kwa mstari ulionyooka kuliko barabara zote za nchi. Dereva akibadili tairi, yeye akasimama mbele ya ukuta wa Bi Siwema.

"Mama, hiki ni nini?"

Bi Siwema akatupa jicho ng'ambo ya uwanja. Bi Mwanakombo alikuwa mlangoni, miwani usoni, anasikiliza. Fumbo halifumbuliwi mbele ya mgeni.

"Ni kuku, mheshimiwa."

"Kuku tu?"

"Kuku."

Waziri akafumba macho kama aliyeonja asali. "Unyenyekevu ulioje! Andikeni," akawaambia wasaidizi wake, nao wakaandika. "Kuku huyu ni Taifa. Miwani ni dira ya maendeleo. Shingo ni sera yetu ya ujirani mwema. Na hicho chungu ni uchumi, ambao Taifa linauchungulia kwa karibu."

Ng'ambo, Bi Mwanakombo akaziba mdomo kwa kanga. Alicheka sana siku hiyo. Maskini, hakujua.

Kabla tairi halijakazwa, ukuta ulikuwa umetangazwa Hazina ya Taifa. Ikaja amri kwamba usiguswe na mkono, upepo wala mvua. Likajengwa paa la mabati juu yake, mabati mapya, wakati nyumba yenyewe ilikuwa inavuja upande wa nyuma. Lakini upande wa nyuma haukuwa hazina. Na kwa kuwa mlango wa Bi Siwema ulikuwa katikati ya ukuta, chini tu ya kifua cha kuku, mlango nao ukahifadhiwa: ukapigwa lakiri nyekundu. Mama wa watu akawa anaingia na kutoka kwa dirisha la uani, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kanga kiunoni, akimwomba Mungu asipite mkwe.

Akaletwa pia askari, Chande, kijana mnene mwenye filimbi. Kazi yake ilikuwa kuulinda ukuta dhidi ya mvua itokayo juu na dhidi ya mwenye nyumba atokaye nje. Wingu likijitokeza, Chande alilipigia filimbi. Mengine yaliondoka, naye akaandikiwa barua ya pongezi.

Bi Siwema mwenyewe alivishwa nishani na kupewa cheo cha Msanii Aliyehifadhiwa. Alifurahi siku ile, maana hakuwahi kupigiwa makofi na watu wenye suti. Baadaye ndipo akasomewa maana ya cheo. Hakuruhusiwa kuchora tena.

Basi kuku akaanza kutembea nchi nzima. Akachapwa kwenye kalenda, kwenye vikombe vya ofisini, kwenye vitabu vya shule ambamo watoto waliulizwa, "Shingo ya kuku inatufundisha nini?" Mwishowe akawekwa kwenye stempu.

Masika yakaja. Mvua ya Kitopeni ikanyesha kama kawaida yake, bila adabu, ikaosha kuta zote. Kobe wa Bi Mwanakombo akatiririka mtaroni, sufuria, kufuli na vyote. Akabaki kuku peke yake, mkavu chini ya mabati, kifua mbele. Wanawake wakachukua vikapu, wakashuka kijitoni wawili wawili wakiimba na kusukumana, na harufu ya udongo mbichi ikapanda hadi kwenye dirisha la Bi Siwema. Aliinusa, mikono ikamwasha hadi viwiko. Akakanda unga ambao hakuwa na haja nao. Akachora kidogo na kidole kwenye unga, akafuta.

Bi Mwanakombo akapita na kikapu, uso kautazamisha kwingine.

"Shoga!" Bi Siwema akaita dirishani. "Mvua imenyesha, neno limekwisha. Ningojee twende wote."

"Limekwisha wapi?" Bi Mwanakombo akageuka, na miwani hakuivaa, alikuwa hajaivaa wiki nzima. "Jana nimekwenda posta kumtumia mwanangu barua. Unajua stempu inavyobandikwa, Siwema? Nimejilamba! Nimesimama kwenye foleni, mbele za watu, nimetoa ulimi nikajilamba mgongo mwenyewe!"

Siku nyingine Bi Siwema angeanguka kwa kicheko. Siku hiyo alimtazama shoga yake anavyokwenda peke yake na kikapu, akaona kwamba aliyemchora kwa furaha amemuumiza kwelikweli. Ugomvi ulikuwa umekosa pa kuishia.

Akavaa nishani, akaenda wizarani.

Wizara ya Uhifadhi ilikuwa jengo zuri sana, halijachakaa popote. Viti vilifungwa kamba vyote kwa kuwa vilikaliwa na waasisi, hivyo wafanyakazi walisimama. Saa ya ukutani ilisimamishwa kwenye dakika ile ya uzinduzi, kabla ya saa ya kazi kuanza, na ndiyo maana kazi ilikuwa haijaanza. Juu ya meza ya Waziri kulikuwa na kikombe cha chai ya uzinduzi, kimeota manyoya ya kijani.

"Karibu, hazina yetu," akasema Tandabui. "Usiegemee ukuta."

"Mheshimiwa, naomba mvua."

"Mvua gani?"

"Ya kawaida. Inyeshee ukuta wangu kama kuta za wenzangu."

Waziri akashika meza. Bi Siwema akaona hapana budi, akamweleza yote, pilau, ramani, miwani na stempu. "Yule kuku si Taifa, mheshimiwa. Ni Mwanakombo, jirani yangu. Ninampenda, na kwa ajili ya ukuta huo hatusemezani."

Uso wa Waziri ulisawajika, kisha ukang'aa taratibu kama taa ya chemli inayopandishwa utambi. "Kumbe kuku ana asili iliyo hai! Inapumua! Mama, umeliongezea Taifa hazina ya pili!" Akawageukia wasaidizi. "Andikeni. Siku Mkuu wa Nchi atakapokuja kufungua pazia la ukuta, huyo Mwanakombo naye awepo nyuma ya pazia, ubavuni mwa picha yake, amevaa miwani. Mtengenezeeni kiota."

Bi Siwema akasogea mezani. "Basi mheshimiwa, nakusihi, niruhusu hata kuchora kidogo upande wa nyuma. Chooni tu. Mikono inaniuma."

"Mama yangu," Tandabui akamjibu kwa upole mkubwa, "wewe umekwisha kuchora. Msanii akiendelea anajishusha thamani. Wasanii wetu walio bora kabisa wote ni marehemu, na hakuna hata mmoja anayetusumbua."

Amri ya kiota ilifika Kitopeni kabla ya Bi Siwema. Alimkuta Bi Mwanakombo chini ya dirisha lake, macho mekundu, miwani mkononi.

"Siwema, nimevumilia vikombe. Nimevumilia kalenda. Nimejilamba. Sasa nikae kiotani?"

"Shoga, wallahi nilikwenda kuomba mvua."

"Ukarudi na kiota."

Bi Siwema akaivua nishani, akaanza kupanda dirishani.

"Sherehe ikiisha tu nahama," akasema Bi Mwanakombo. "Mwanangu amenitafutia chumba huko kwao. Siwezi kuzeeka natazamana na yule kuku kila nikifungua mlango."

"Uhame?" Bi Siwema alikuwa nusu ndani nusu nje ya dirisha, akakwama hapohapo. "Uhame uende wapi? Mimi nitamchora nani? Nani ataisema pilau yangu?" Akaangua kilio kile cha utotoni, kisicho na haya. Bi Mwanakombo alisimama kidete kwa muda mfupi, kisha naye akaangua. Wakalia pamoja, mmoja juu, mmoja chini, hadi Chande upande wa mbele akapiga filimbi akidhani ni mvua.

Bi Mwanakombo akapenga kamasi kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayepima chumvi, "Hilo pazia litafunguliwa kabla ya hotuba au baada?"

"Baada."

"Na hotuba ni ya Tandabui?"

"Ya Tandabui."

Wakatazamana. Bi Siwema akasema udongo wa mwaka jana upo, chini ya kitanda, beseni zima. Bi Mwanakombo akavaa miwani yake.

Siku ya sherehe Kitopeni ilipambwa. Ukuta ulifunikwa kwa pazia zito la bluu, mbele yake jukwaa, viti vya wakubwa na kiti kimoja kikubwa cha Mkuu wa Nchi. Nyuma ya pazia, kiotani, aliketishwa Bi Mwanakombo. Bi Siwema hakuonekana; majirani walimwambia Waziri kwamba msanii amezidiwa na heshima, yuko ndani amejilaza.

Tandabui akakishika kipaza sauti. "Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, hapo mwanzo, kabla ya ukuta, palikuwa na udongo..." Na alikuwa mtu wa kwenda kwa utaratibu. Akaeleza jinsi udongo ulivyoumbwa, akaeleza mito, akaingia kwenye historia ya matofali. Alipofika kwenye matofali ya kuchoma, lakiri ya mlango ilikuwa imekatika kwa ndani na ndoo ya kwanza imeshamwagwa.

Maji yakapenya chini ya pazia, mekundu, yakapita katikati ya buti za Chande. Chande aliyatazama. Alitazama juu: hakuna wingu. Alitazama nje: hakuna mwenye nyumba. Kuhusu maji yatokayo ndani hakuna aliyemwagiza kitu. Akasogeza miguu.

"Naisikia harufu ya udongo," Mkuu wa Nchi akamnong'oneza msaidizi wake.

"Hiyo," akadakia Tandabui, ambaye alikuwa na masikio makali, "ndiyo harufu ya historia yetu!" Makofi yakapigwa. Akatoka kwenye matofali akaingia kwenye chokaa.

Nyuma ya pazia kulikuwa na sikukuu. Bi Siwema alikuwa amezamisha mikono yote miwili kwenye beseni, na mwili wake wote ukashusha pumzi. Hakuwahi kuchora ukuta mmoja na Mwanakombo. Kila siku walichora wakitazamana kwa mbali. Sasa mmoja anaweka mstari, mwenzake anaujaza. Mmoja anachora jicho, mwenzake anamnong'oneza, "Mpasue nywele katikati, umesahau," wanaziba vinywa kwa viganja vyenye udongo, wanaachiana ndevu nyekundu usoni. Nje sauti ilikuwa inazungumzia mustakabali. Hawakuisikia.

Mwishowe Tandabui alifika mwisho, jambo ambalo wengi walishakata tamaa nalo. Mkuu wa Nchi akainuka, akavuta kamba, pazia likaanguka.

Kuku hakuwepo. Ukutani, mbichi na anang'aa, alikaa jogoo mfupi. Alivaa tai ya kipepeo na miwani mizito, upanga wa kichwani umepasuliwa katikati kwa mstari ulionyooka. Alikuwa anaatamia mayai, na kila yai lilikuwa na kufuli. Mayai yalikuwa yameoza. Hilo lilionekana kwa nzi, ambao Bi Mwanakombo aliwachora mmoja mmoja kwa mapenzi. Ubavuni mwa jogoo kulikuwa na kikombe kilichoota manyoya.

Mashoga wawili walisimama mlangoni, wekundu hadi masikioni, wameshikana mikono, na Bi Siwema aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Mkuu wa Nchi aliutazama ukuta. Akamtazama Waziri wake. Akautazama tena ukuta.

"Tandabui, hiki ni nini?"

Waziri akafungua mdomo. Kusema ni yeye asingeweza. Kusema ni hujuma ingebidi aeleze aliyehujumiwa ni nani.

"Ni... ni kuku, mheshimiwa."

"Kuku tu?"

"Kuku."

"Mzuri sana huyu," akasema Mkuu wa Nchi, na mashavu yake yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko alichokibana. "Anamzidi yule wa kwenye picha mlizonitumia. Ahifadhiwe vilevile. Na mumweke yeye kwenye stempu."

Kitopeni ikalipuka kwa vigelegele.

Misafara ilipoondoka, Tandabui alibaki. Alizunguka nyumba hadi uani, akasimama chini ya dirisha, tai imelegea. Alikuwa amekwishapiga hesabu ya barua zinazotumwa nchini kwa siku, na ndimi zake.

"Mama," akasema chinichini. "Naomba mvua."

"Mvua gani, mheshimiwa?" akauliza Bi Siwema.

"Ya kawaida."

"Ndoo je?" akatokeza Bi Mwanakombo. "Sisi tunazo."

"Ndoo ni hujuma kwa hazina ya Taifa, nitaulizwa. Mvua ni kudra."

Basi akapanda ngazi mwenyewe, akayang'oa mabati kwa mikono yake, akayasogeza upande wa nyuma unaovuja, maana Bi Siwema alimwelekeza hivyo. Jioni zote zilizofuata Waziri wa Uhifadhi alionekana uwanjani Kitopeni akitazama mbinguni na kusogeza midomo. Wingu likipita naye Chande akipeleka filimbi mdomoni kwa mazoea, alinyang'anywa.

Mvua ya mwisho ya masika ilikuja kabla stempu hazijachapwa. Jogoo alianza kutiririka tai, ikafuata miwani, mayai yakaenda na kufuli zake mtaroni. Tandabui alisimama katikati ya uwanja, ameloa chapachapa, anacheka kama mtoto. Kwa kuwa ndiyo desturi, alikabidhiwa kikapu ashuke kijitoni na waliomchora. Walimwonyesha ukuta wa choo, akachora kitu. Kilifanana na muhogo. Alikitazama kwa muda mrefu, udongo kwenye vidole, akauliza kama kinaweza kuwekewa kibati kidogo tu juu yake.

"Hapana," wakamwambia wote wawili.

"Basi nije tena mwakani?"

"Njoo. Kwanza utuudhi."

Uji wa mtaa mzima waliupika mashoga wenyewe, faini ya kuosha ukuta kwa ndoo bila kungoja mvua, na hakuna aliyelalamika. Kisha wakakaa kwenye kizingiti cha mlango ulio wazi, nyuma yao ukuta mtupu, unyevunyevu bado, beseni la udongo mpya katikati yao. Vifurushi vya Bi Mwanakombo vya kuhamia vilikuwa vimefunguliwa.

"Haya," akasema Bi Mwanakombo, "mwaka huu unanichora nini?"

Bi Siwema alikuwa anaukanda udongo polepole, donge kwa donge. "Sijui. Sina neno na wewe." Akafikiri. "Hebu niambie, uji wangu ulikuwaje?"

Bi Mwanakombo akairekebisha miwani puani.

"Mzuri, shoga. Nimeuogea vizuri sana."

Bi Siwema akacheka, akavuta beseni upande wake.